Wiki kumi na moja Bonge hakula

Mama alipiga simu kutoka Tanga, nikamwambia nyoka wangu hataki kula. Akacheka mpaka akakohoa. “Mwanangu, nyoka akigoma kula, si mnashukuru?”

Mimi sikuwa na hamu ya kucheka. Bonge ni chatu wa Afrika Magharibi, wale wa Ghana, Togo na Benin, wanaojiviringa kama mpira wakiogopa na mara nyingi hawazidi mita moja na nusu. Karatasi zake zote zipo. Tangu Juni kila wiki namwekea panya mweupe wa kufugwa, asubuhi namkuta palepale, keshaanza kunuka. Panya wa mitaani simpi hata kwa dawa. Huwezi kujua kala sumu ya nani.

Pupa ndiyo iliyoniponza. Namfungua mara tano kwa siku, namshika, namsogezea panya puani. Mwisho nikamtumbukizia panya hai. Bonge akaficha kichwa, panya akaanza kumgusagusa ubavu kwa yale meno yake. Nikamtoa mbio. Panya hai akiachwa pamoja na nyoka asiye na njaa, anayeumia ni nyoka.

Daktari wa mifugo niliyempigia, mzoefu wa ng'ombe kuliko nyoka, aliuliza mawili tu: anapumua kwa mlio? Ana ute mdomoni? Hapana. “Basi mpime uzito.” Mwezi Mei alikuwa na gramu 1,240, mizani ya jikoni, ambayo mke wangu hakuitaka tena baada ya hapo, ikasoma 1,190. Chatu mzima wa aina hii hukaa miezi bila kula na asidhurike, mradi uzito usiporomoke.

Kilichonizindua ni kipimajoto. Nilikuwa nimekibandika juu kwenye kioo cha tangi lake, kinasoma nyuzi 31, nami nimeridhika. Nilipokilaza chini, pale anapolala Bonge, kikasoma 26. Kipupwe kile, kiyoyozi kinapuliza upande wake, na umeme ukikatika mkeka wa joto nao unapoa. Nikahamishia tangi kwenye kona isiyo na upepo, nikapandisha sakafu ya upande wa joto hadi 32, wa pili nikauacha 26. Maficho nayo nikaweka mawili, finyu, mbavu ziguse kuta. Vioo vitatu nikavifunika kwa kanga iliyoandikwa Akiba haiozi.

Kisha nikaacha kumchungulia. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Macho yakawa na ukungu wa maziwa, baada ya siku kadhaa akajivua gamba (sizungumzii la wanasiasa) kipande kimoja, kuanzia mdomoni hadi mkiani.

Jumamosi usiku nikazima taa. Panya wa friza alishayeyuka kwenye friji tangu jana yake. Nikamfunga kwenye nailoni, nikamchovya kwenye maji ya moto mpaka kichwa chake kikawa na joto kuliko kiwiliwili. Chatu huyu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, huko ndiko anakolenga. Nikamshika panya kwa koleo ndefu, nikatulia.

Ulimi ukatoka, ukarudi. Ukatoka tena, taratibu. Shingo ikajikunja kama herufi S. Alivyoruka sikuona, nilichoona ni panya keshazungushiwa mara mbili na koleo inatetemeka mkononi mwangu.

Siku mbili sikumgusa. Jumatatu mama akapiga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kala?”

“Kala.”

Akanyamaza kidogo. “Haya. Milango fungeni.”