Kupiga Kambi Pwani kwa Kufuata Saa ya Maji

Wengi wanaofika kwenye kambi ya pwani huomba nafasi ya mbele kabisa, ile ambayo mtu akifungua zipu ya hema anaiona bahari yote mbele yake. Mimi huomba nafasi ya nyuma, penye kichaka au kilima cha mchanga kinachokaa kati yangu na maji, na msimamizi wa kambi huniangalia kama mtu asiyejua thamani ya alichopewa. Sababu yangu ni upepo. Mchana jua huipasha nchi kavu joto haraka kuliko linavyoipasha bahari, kwa hiyo hewa iliyo juu ya ardhi hupanda, na hewa baridi zaidi ya baharini huingia kuchukua mahali pake. Upepo huo huanza polepole asubuhi ikishapevuka, hupata nguvu zake zote alasiri, na hulegea jua linapozama. Hema la safu ya mbele huupokea wote, pamoja na chumvi na mchanga laini unaojipenyeza hadi kwenye mashuka. Anayelala nyuma ya kichaka huyasikia mawimbi vilevile, ila turubai lake halimpigii kelele usiku kucha.

Kujificha nyuma ya kilima cha mchanga hakumaanishi kupiga hema juu yake. Majani yanayotambaa juu ya vilima hivyo ndiyo yanayoushika mchanga usipeperuke, nayo hayavumilii kukanyagwa. Yakifa sehemu moja, upepo hupata pa kuanzia kuchimba, na kilima kilichojengeka kwa miaka mingi huanza kumomonyoka. Kambi zinazojali jambo hili huweka njia moja ya kuteremkia ufukweni, na ni heri kuifuata hata pale ambapo njia ya mkato inaonekana wazi.

Vigingi vifupi vinavyouzwa pamoja na mahema havishiki mchanga mkavu. Panahitajika vigingi virefu na vipana, na kama havipo, mfuko uliojazwa mchanga, ukafungwa kamba na kufukiwa, hushika vizuri kuliko chuma chochote chembamba. Jambo la pili ni hewa. Pwani usiku huwa na unyevu mwingi, na mtu aliyelala hutoa mvuke kwa kila pumzi. Hema likifungwa pande zote, mvuke huo hugusa kitambaa kilichopoa na kugeuka matone, na asubuhi mtu hudhani kwamba mvua imevuja ilhali hapakuwa na wingu hata moja. Madirisha ya wavu yaachwe wazi, hata kama usiku una ubaridi kidogo.

Hayo yakishatengenezwa, kinachobaki kuamua siku itakwendaje ni maji kupwa na kujaa. Katika fukwe nyingi za dunia bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kunakofuata hupita takriban saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana majira ya maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku: aliyekuta mchanga mpana saa tatu asubuhi leo atausubiri hadi karibu saa nne kesho. Mwezi nao hubadilisha kimo. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja maji ya bamvua, ambayo hupanda juu sana na kushuka chini sana. Katikati ya vipindi hivyo huwa ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali upande wowote. Mimi nikiweza kuchagua tarehe, huchagua bamvua, kwa sababu maji yanapokupwa hufunua miamba, vidimbwi na vipande vya ufuo ambavyo katika siku nyingine havionekani kabisa. Yeyote atakayeniiga akumbuke kwamba maji hayohayo yanapojaa huweza kufika mahali palipokuwa pakavu juma zima, na mstari wa mwani na vijiti uliokauka juu ya mchanga ndio unaoonyesha yalifika wapi hivi karibuni.

Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria: katika muda wa saa sita hivi za kujaa, saa ya kwanza huleta sehemu moja tu kati ya 12, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, ya tano mbili, na ya sita moja. Kwa hiyo nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati, na anayetembea chini ya majabali akiona kwamba saa ya kwanza imepita bila mabadiliko makubwa hana sababu ya kutulia. Kimo chenyewe hutofautiana mno kati ya pwani moja na nyingine: katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada tofauti ya kujaa na kupwa hufikia takriban mita 16, ilhali katika sehemu nyingi za Bahari ya Mediterania haifiki hata nusu mita. Ratiba ya maji ya mahali husika haina mbadala, na kambi nzuri huibandika mlangoni.

Matembezi, basi, huanza maji yakiwa bado yanatoka. Mchanga ulioachwa na maji muda mfupi uliopita ni mgumu na hauchoshi miguu, tofauti na ule mkavu wa juu ambao humeza kila hatua. Napenda kufika mbali maji yakiwa yamekupwa kabisa na kugeuka papo hapo, hasa pale ambapo njia inazunguka rasi na kuingia katika ghuba ndogo isiyo na njia ya kupandia, kwani maji huifunga rasi kwanza, kabla mtu aliye ndani hajahisi lolote. Kurudi kwa njia ileile kuna faida nyingine isiyotajwa sana: ufuo umeinama kuelekea baharini, na mguu ulioteseka wakati wa kwenda hupumzika wakati wa kurudi. Kwenye vidimbwi, jiwe lililoinuliwa lirudishwe lilivyokuwa, maana viumbe walio chini yake hufa wakiachwa juani.

Ufuo tulivu kwa kawaida hauna mwokoaji. Mwogeleaji mgeni huvutiwa na mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, penye maji meusi kidogo yaliyotulia, na mara nyingi hapo ndipo unapopita mkondo unaorudisha maji baharini. Aliyenaswa asishindane nao. Aogelee sambamba na ufuo hadi atoke kwenye mkondo, kisha ndipo aelekee nchi kavu.

Usiku taa ziwe chache. Katika fukwe ambako kasa hutaga mayai, vifaranga wao hutoka mchangani gizani na kuelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa ya kambi huwageuza wakapotelea nchi kavu. Mwenye hema naye hufaidika na giza hilo, maana mbali na miji nyota huonekana hadi karibu na upeo wa macho.

Siku ya kuondoka hushawishi kukunja kila kitu haraka. Chumvi hata hivyo hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hema lenye chumvi halikauki sawasawa hata likianikwa kutwa, na zipu zake huanza kukwama. Lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zipu zisuguliwe kwa brashi laini, na lianikwe kivulini mpaka mishono yake iwe mikavu, ndipo litiwe mfukoni.