Uzoefu wangu: kumpunguzia mama uchungu kwa sindano ya mgongo

Wajawazito wengi wa Dar es Salaam wakisikia "sindano ya mgongo" wanawaza oparesheni, kwa sababu huko ndiko inakotumika zaidi. Lakini hata mama anayejifungua kwa njia ya kawaida anaweza kuchomwa sindano hiyo ili apunguziwe uchungu. Mimi ni mtoa dawa za usingizi na ganzi, na hivi ndivyo ninavyofanya leba.

Sindano ziko mbili. Spainali hutumia sindano nyembamba, namba 25 au 27 (namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba zaidi), inayofika kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Dawa huingizwa mara moja na sindano huchomolewa. Kwa upasuaji natoa bupivakaini, dawa ya ganzi, miligramu 10 hadi 12. Kwa leba miligramu 2.5 tu pamoja na fentanili kidogo, dawa kali ya maumivu, ndiyo maana miguu haifi kabisa. Inashika ndani ya dakika chache na kudumu saa moja na nusu hadi mbili hivi. Inamfaa mama ambaye njia imefunguka sentimita 8 na ameshazaa kabla. Mwenye mimba ya kwanza aliye kwenye sentimita 4 inamwishia katikati ya safari, kwa hiyo huyo nampa epidurali: sindano nene, namba 16 au 18, inayoishia nje ya utando unaofunika maji hayo, kisha mrija mwembamba unabaki ndani ili dawa iongezwe mpaka mtoto atoke.

Jambo hili lipangwe kliniki, mimba ikiwa na wiki 34 hivi. Uliza kama hospitali yako ina mtaalamu wa usingizi hata usiku, gharama ni kiasi gani na bima inalipa nini. Taja dawa za kuzuia damu kuganda, presha ya mimba na mgongo uliowahi kupasuliwa. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikishuka chini ya 70,000 huwa sichomi, maana damu inaweza kuvia ndani na kubana mishipa ya fahamu. Na anayetoka Mbagala au Kimara aihesabu foleni: akifika leba njia iko sentimita 9, hakuna tena muda wa kuweka mrija.

Kabla ya kuchoma naweka kanula ya kijani na dripu ya Ringa, napima presha na mapigo ya mtoto, na efedrini, dawa ya kupandisha presha, inakuwa tayari kwenye bomba la sindano. Kinachofuata ni mkao, na hapo ndipo sindano nyingi zinapoharibika. Mama anakaa pembeni ya kitanda, miguu juu ya kistuli, amekumbatia mto, kidevu kifuani. Nesi anasimama mbele yake na kumshika mabega. Namwambia, "Mama, kiuno kilete kwangu." Mstari unaounganisha ncha za nyonga hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno, nachoma hapo au pengo moja juu. Uti wa mgongo wenyewe kwa kawaida umeishia pingili ya kwanza au ya pili, kwa hiyo sindano iko chini yake. Wanaoogopa kupooza wawaulize wataalamu wao jambo hilo, waonyeshwe kwenye mchoro.

Dawa ya kusafishia naiacha ikauke kabisa. Uchungu ukija mama anasema, nami nasitisha mpaka upite. Kwa epidurali, bomba la maji ya chumvi nililounganisha na sindano linakataa kusukumika sindano inapopita kwenye kano, halafu ghafla maji yanaingia bila ubishi: nimefika kwenye nafasi iliyo nje ya utando. Mrija naacha sentimita 4 au 5 ndani. Jasho la Dar linabandua plasta, hivyo naukausha mgongo kwa gozi na kuubandika mrija mpaka begani.

Dozi ya majaribio ni lidokaini, dawa nyingine ya ganzi, yenye adrenalini, mililita 3. Moyo ukienda mbio, mrija uko kwenye mshipa wa damu. Miguu ikiwa mizito upesi, umetoboa utando. Kukiwa salama natoa bupivakaini asilimia 0.1 yenye fentanili, mililita 10, nusu kwanza na nusu baadaye. Nafuu huja ndani ya dakika 10 hadi 20, na muda huo napima presha kila dakika 5. Mama analala ubavu, kamwe si chali. Akisema anasikia kichefuchefu, mara nyingi presha imeshaanza kushuka: namgeuza kushoto, nafungulia dripu, natoa efedrini.

Ganzi ikishika upande mmoja, navuta mrija sentimita 1 na kuongeza mililita 5. Nusu saa ikipita bila nafuu, nautoa na kuanza upya. Kibofu nacho kikaguliwe, kwani mama hasikii mkojo.

Mama mkwe atasema hutaweza kusukuma. Kwa dozi hizi ndogo unaweza, ingawa kusukuma huchukua muda mrefu zaidi. Mkunga anaweka mkono tumboni na kukuambia uchungu umekuja. Maumivu ya mgongo ya kudumu hayatokani na sindano hii. Palipochomwa huuma siku chache. Kinachotokea kweli, kwa kama mama 1 kati ya 100 wa epidurali, ni kichwa kinachouma sana akikaa na kutulia akilala, kwa sababu utando umetobolewa. Asiishie duka la dawa, arudi kwetu: maji na Panado visipotosha, tunachukua mililita 15 hadi 20 za damu ya mkono wake na kuziingiza mgongoni kuziba tundu. Ganzi ikirudi miguuni baada ya kuisha, mkojo ukigoma, au homa ikija na maumivu makali ya mgongo, aje usiku huohuo.