Damu Iliyokuwa Tayari Kwenye Jokofu

Mnamo Septemba 2013, siku chache baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, nilipanga foleni Uhuru Park, Nairobi, pamoja na mamia ya watu waliofika kutoa damu. Niliamini kwamba damu yangu ingewafikia majeruhi jioni ile ile. Muuguzi aliyenihudumia alinieleza kwa upole kwamba kila mfuko lazima kwanza upimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, ndipo uruhusiwe kutoka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba majeruhi anayevuja damu katika saa ya kwanza huokolewa na mtu aliyeitoa siku nyingi kabla, wakati hapakuwa na msiba wowote.

Majeruhi wanapoletwa kwa makumi, hakuna nafasi ya kusubiri kundi la damu la kila mmoja lijulikane. Wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa huanzishiwa O hasi, damu ambayo karibu kila mtu huweza kuipokea lakini ni adimu sana kwetu, na wanaume huweza kupewa O chanya, lakini sampuli hupaswa kuchukuliwa kabla ya kuongezewa damu hiyo, kwa kuwa baadaye vipimo vya kundi huweza kupotosha. Jambo linalonitia hofu zaidi ni utambulisho: wengi huletwa wamezimia, bila jina, na damu ya kundi lisilofaa huua. Kwa hiyo namba inayofungwa mkononi mwa mgonjwa mlangoni ina uzito sawa na damu yenyewe.

Foleni ndefu ya siku moja nayo ina hasara yake. Chembe nyekundu hudumu siku 35 hadi 42 kwenye jokofu, kulingana na dawa ya kuzihifadhia, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano tu. Hivyo kilichotolewa pamoja huharibika pamoja, ilhali waliokitoa hawawezi kurudi kabla ya miezi mitatu au minne. Ningependa waliojitokeza waandikishwe na kuitwa kwa zamu, wiki baada ya wiki.

Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa tarehe 2 Aprili 2015, nilikataliwa kutoa damu kwa sababu nilikuwa nimeitoa wiki tatu kabla. Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye kalenda tarehe yangu ya Julai.