Paul Watson na mlango wa nyuma wa meli ya nyangumi

Wasiompenda Paul Watson humwita haramia, wafuasi wake humwita shujaa, na ubishi wote huishia kwenye tabia yake. Ufundi wake hauzungumzwi. Mkanada huyu aliyezaliwa 1950, akatoka shirika la mazingira la Greenpeace na kuanzisha Sea Shepherd, shirika la kutetea viumbe wa bahari, mwaka 1977, aliwatesa wawindaji wa nyangumi wa Japani kule Antaktiki kwa sababu alijua meli yao inaumia wapi.

Meli mama, Nisshin Maru, ilikuwa kiwanda kinachoelea cha tani 8,000 hivi. Yenyewe haikuwinda. Kazi hiyo ilikuwa ya meli ndogo zenye mzinga wa chusa, mkuki wa kuwindia, omoni yaani mbele: Yushin Maru na wenzake. Nyangumi akishachomwa hufungwa mkia ubavuni mwa meli ndogo na kupelekwa nyuma ya meli mama. Hapo waya za winchi humburura kupitia uwazi mkubwa wa shetri, yaani nyuma ya meli, juu ya mteremko, hadi sitahani wanakomngoja wakataji. Njia ya kumpandisha ni hiyo moja tu. Basi Watson aliibana meli yake nyuma ya uwazi huo na kung'ang'ania pale. Mzoga haupandi, nyama inaanza kuharibika, na meli ya chusa haiwezi kuendelea kuwinda ikiwa imebeba mzigo ubavuni. Kiangazi cha kule ni kifupi, kila siku iliyopotea ina hesabu yake.

Silaha nyingine zilikuwa nyongeza. Chupa za asidi ya butiriki, yenye harufu ya siagi iliyooza, zilirushwa sitahani ili pasikalike na nyama ichafuke. Kamba nene zilitupwa mbele ya omo ili meli izipitie na zijizungushe kwenye rafadha, ile panga inayoisukuma. Kamba ikitupwa kwa kuchelewa, hupita pembeni bila kudhuru chochote. Na watupaji wako kwenye boti ya mpira, puani mwa meli kubwa, maji yakiwa karibu kuganda. Wajapani nao walijibu kwa mizinga ya maji. Januari 2010, boti ya mwendo kasi ya Sea Shepherd, Ady Gil, iligongana na meli ya Wajapani, Shonan Maru 2, na omo ya boti ikakatika. Mtu mmoja alivunjika mbavu. Ni bahati kwamba hakufa mtu, na anayesema mbinu hizi hazikuwa za hatari hajawahi kuiona bahari ile hata kwenye picha.

Matokeo? Msimu wa 2010 hadi 2011 Japani iliirudisha meli yake nyumbani Februari, ikiwa na nyangumi 172 tu kati ya mamia iliyojipangia. Februari 2013 meli za Sea Shepherd zilijipenyeza kati ya Nisshin Maru na meli iliyoiletea mafuta, wakagongana. Hesabu ilikuwa ileile: kiwanda kisicho na mafuta hakichinji.

Mashabiki hupenda kusahau kwamba hukumu ya Machi 31, 2014, kura 12 kwa 4, iliyosema uwindaji ule haukuwa wa kisayansi kama Japani ilivyodai, ilitokana na kesi ya Australia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Chupa za Watson hazikuingia mahakamani. Tena Japani ilirudi kusini mwishoni mwa 2015 na mpango mpya wa nyangumi 333 kwa mwaka. Mwaka 2017 Watson mwenyewe alitangaza kuacha kwenda: Wajapani, alisema, walikuwa wakimfuatilia kwa setelaiti za kijeshi. Mlango wa nyuma hauna faida usipoweza kuifikia meli yenyewe. Mwaka 2019 Japani ikajitoa kwenye Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, ikaacha Antaktiki na kuwinda kibiashara katika maji yake.

Mwaka 2022 aliachana na Sea Shepherd kwa ugomvi. Julai 21, 2024, akielekea Pasifiki ya Kaskazini kuikabili meli mama mpya, Kangei Maru, polisi walimkamata huko Nuuk, Greenland, kwa hati ya Japani iliyotokana na matukio ya 2010. Alikaa ndani siku 149 kabla Denmaki haijakataa kumkabidhi. Meli yake ilikuwa imetia nanga pale kujaza mafuta.