Saa Nne Kabatini: Jinsi Nilivyoamua Ipi Ibaki na Ipi Iuzwe

Kwa muda mrefu nilimiliki saa nne za bei mbaya, na mkononi nikavaa ya tano: saa ya kawaida ya betri, mkanda wa mpira, isiyodai chochote kwangu. Zile nne zilikaa kwenye kijikasha ndani ya kabati. Nilizipenda, hilo halikuwa na mjadala. Ila kila bima ilipotaka kulipwa, orodha ilinijia na jina la kila moja, nami nikashindwa kukumbuka mara ya mwisho kuivaa hii au ile.

Ushauri unaozunguka siku zote ni huu: usichokivaa mwaka mzima, kiuze. Kwa mashati naukubali. Kwa saa haunishawishi, kwa sababu zipo saa zilizotengenezwa zivaliwe kwa nadra, na kuzihukumu kwa kuhesabu siku ni kuzionea. Kwa hiyo niliacha kuhesabu. Nikazitoa zote, nikashika moja baada ya nyingine na kujiuliza: hivi kinachonizuia kuivaa hii ni nini hasa? Sikutarajia majibu yatofautiane kiasi kile.

Nilianza na Omega Speedmaster, kwa kuwa ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko zote. Hii ni ya kutia ufunguo kwa mkono, na ikijazwa hutembea siku mbili hivi kisha husimama. Kila nilipofungua kabati niliikuta imesimama, nikaifunga tena nikachukua ile ya mpira. Lakini haina tarehe. Kuiamsha ni kuvuta kifundo cha pembeni, kuweka majira, kukirudisha na kukizungusha mpaka kikaze. Kazi isiyofika hata dakika mbili. Na ina historia inayonifurahisha mpaka leo: mwaka 1969 Buzz Aldrin alitembea mwezini akiwa na Speedmaster, huku Neil Armstrong akiiacha yake ndani ya chombo kwa sababu kifaa cha kupimia muda humo kilikuwa kimeharibika. Kizuizi changu hakikuwa saa. Kilikuwa mlango wa kabati. Niliihamishia mezani karibu na kitanda, na tangu hapo naitia ufunguo asubuhi kabla ya kuvaa viatu. Hiyo inabaki.

Cartier Tank ilikuwa imekufa betri. Basi. Umbo lake la mstatili lilibuniwa mwaka 1917 na bado halijachakaa machoni, lakini akrabu zilizoganda zilinifanya niipite kama kitu kibovu. Fundi saa aliyenibadilishia betri alinikaripia kidogo: betri iliyokufa ikiachwa ndani huweza kuvuja na kuharibu mashine, kwa hiyo anayejua ataiweka saa kwa muda mrefu bora aitoe betri kabisa. Faida ya saa za aina hii ni kwamba kipande cha fuwele kilicho ndani hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kwa hiyo majira yake hayayumbi ovyo. Unaichukua siku ya harusi na inakwenda sawa. Inabaki, na nitaivaa mara chache tu kwa mwaka bila kujisikia vibaya.

Sasa ile ya dhahabu yenye kalenda ya mwaka. Mfumo wa namna hii uliletwa na Patek Philippe mwaka 1996, nao ni kazi ya kuheshimiwa: saa inajua miezi ya siku 30 na ya siku 31, inahitaji kurekebishwa mara moja tu, Februari inapoisha. Sharti ni moja: isisimame. Yangu ilikuwa imesimama daima. Kuirudisha ni kubonyeza vitufe vidogo vya ubavuni kwa kijiti maalumu, siku, tarehe, mwezi, kila kimoja peke yake, na kuepuka saa za usiku ambapo meno ya kalenda yameshikana, usije ukavunja kitu. Watu huniambia ninunue kisanduku cha umeme cha kuizungusha ili isisimame. Kisanduku hicho kinaisaidia saa kutembea usiku na mchana bila mtu kuiangalia, magurudumu yakilika na mafuta yakitumika, na mwisho wa yote fundi analipwa vilevile. Na matengenezo ya saa yenye kalenda si sawa na ya saa ya akrabu tatu. Bei iko juu na mtu husubiri sana.

Bado nilisita, kwa sababu ni nzuri mno. Mke wangu ndiye aliyeukata mzizi. Aliniuliza, “Zikiibwa zote leo usiku na bima ikakulipa, utakwenda kununua ipi tena?” Speedmaster ilinitoka mdomoni kabla hajamaliza. Tank ikafuata. Kwenye ile ya dhahabu nilianza kueleza uzuri wa kalenda, naye akacheka, “Sijakuuliza hiyo.” Ukweli ni kwamba dhahabu na Tank zilikuwa zikigombea kazi moja, ya siku za suti, na mshindi alikuwa yule wa bei nafuu.

Iliyonichukua muda mrefu kuielewa ni Rolex Submariner. Haikuwa imekufa betri, haina usumbufu wa kalenda, inajijaza yenyewe mkononi. Ni saa ya wapiga mbizi tangu mwaka 1953, na yangu inastahimili maji mpaka mita 300. Mwanzoni nilikwenda nayo kila mahali. Kisha bei zikapanda. Kufikia mwanzoni mwa 2022 saa kama hizi zilizokwisha kutumika zilikuwa zikiuzwa kwa bei inayopita ya mpya dukani. Nikaanza kuvuta mkono wa shati chini. Safarini naiacha. Saa iliyoundwa kuzama baharini ikawa haisogezwi karibu na sinki la vyombo. Baadaye bei zilishuka, lakini hofu yangu haikushuka nazo. Nilikuwa nimeacha kuvaa saa, nalinda akiba. Na kama ni akiba, ni ya ajabu: haizai riba, inalipiwa bima, na mafundi wa Rolex wanapendekeza ihudumiwe kila baada ya miaka 10 hivi.

Rafiki yangu mmoja mpenzi wa saa alishtuka. “Ndugu yangu, hiyo ndiyo ya mwisho kuuzwa! Kila mtu anaitaka.” Nilimwambia hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote za kuiuza. Anayeitaka ataivaa.

Katika kuuza, kazi kubwa ilikuwa kukusanya vilivyotawanyika: kasha la asili, kadi ya dhamana, risiti za huduma, hata vipande vya mnyororo vilivyotolewa ili unitoshe. Saa yenye vyote hivyo hupata bei bora na maswali machache. Fundi alinikataza kuipiga msasa ili ing'ae, maana wanunuzi makini hutazama kingo za chuma, na kingo zilizolainishwa huwapunguzia hamu. Alinikataza pia kuifanyia matengenezo makubwa kabla ya kuuza, kwani mfanyabiashara ana fundi wake na gharama yangu hairudi. Picha nilizowatumia wanunuzi zilificha namba ya saa.

Kuhusu bei, nilijizuia kuangalia bei wanazotaja wauzaji, kwa kuwa mtu anaweza kutaja chochote. Nilitafuta bei ambazo saa zilinunuliwa kweli, na za minada husaidia, mradi ukumbuke kwamba mnada hukata kamisheni kwa muuzaji na kumwongezea mnunuzi ada juu yake. Mfanyabiashara hulipa pungufu lakini hulipa siku hiyohiyo. Submariner nilimpa mfanyabiashara, kwa kuwa sikutaka wageni wa kukutana nao nikiwa na saa mfukoni. Ile ya dhahabu wanunuzi wake ni wachache, kwa hiyo niliiacha kwa muuzaji aniuzie kwa kamisheni. Ilikaa sana kabla ya kupata mtu, na ofa za mwanzo zilinikera.

Sehemu ya pesa ililipia matengenezo ya Speedmaster, iliyokuwa imeanza kuchelewa. Saa ya mpira ninayo bado, kwa bustani na mazoezi. Rafiki yangu naye hunitumia bei za Submariner kila zinapopanda. Zikishuka hanitumii.