Nzi wa matunda: jina huharibika kabla ya hadubini

Ukiona nzi mwenye mistari miwili ya njano mgongoni na alama nyeusi ya T tumboni, jina la Bactrocera dorsalis hukujia haraka. Mara nyingi litakuwa sahihi. Tatizo ni zile mara nyingine, kwa kuwa jina moja lililokosewa huingia kwenye orodha ya wadudu waharibifu, likafuatwa na chambo kisichofaa na karantini isiyohusika.

Kwanza tuwatoe Drosophila. Hao ni wadogo, wa milimita 3 hivi, na wengi wao hufuata matunda yaliyoanza kuoza. Ninaowazungumzia hapa ni familia ya Tephritidae, yenye spishi zaidi ya 4,000. Wale wanaoogopwa na wakulima, jike lao hutoboa tunda zima lingali mtini. Uthibitisho uko kwenye bawa: mshipa mwembamba ulio jirani na ukingo wa mbele hupinda ghafla kuelekea ukingo, karibu pembemraba, na kufifia kabla ya kuufikia. Usipouona mpindo huo, usiendelee kutafuta spishi.

Baada ya bawa, nenda tumboni, si kwenye rangi. Dacus, moja ya jenasi za familia hii, ana pingili za tumbo zilizoungana juu kama gamba moja. Kwa Bactrocera na Zeugodacus pingili zimeachana. Mtazame ubavuni, umguse taratibu kwa kibano, utaona zinavyocheza. Kipimo hiki kinaokoa makosa mengi. Zeugodacus cucurbitae na Dacus bivittatus wote wana mstari wa tatu wa njano katikati ya mgongo, wote hushambulia jamii ya maboga, na madume ya wote wawili huvutwa na kyulua, kemikali ya chambo. Anayetegemea mistari pekee atawachanganya. Tumbo linawatenganisha mara moja.

Ceratitis wana sura yao: mabawa yenye mikanda ya kahawia na njano, na vidoadoa karibu na shina la bawa. Dume la Ceratitis capitata lina nywele mbili kichwani zenye ncha nyeusi bapa, na ukiziona kazi imekwisha. Dume la Ceratitis rosa halina nywele hizo, bali lina manyoya kwenye mguu wa kati. Jike ndiye anayesumbua, maana nywele na manyoya hayo ni ya dume tu.

Chambo kinapunguza upekuzi lakini hakitoi jina. Kemikali ya methili yujenoli huvuta madume ya B. dorsalis, na pia ya Bactrocera zonata, ambaye ukanda wa ukingo wa bawa lake umekatika na kuacha doa karibu na ncha. Trimedlua, kemikali nyingine ya chambo, huvuta C. capitata, na C. rosa pia. Kusanya mtego kila wiki, na upake grisi kwenye waya wa kuning'inizia. Sisimizi wakifika watakuachia mabawa matupu.

Nzi waliofugwa kutoka kwenye matunda wana tatizo la aina nyingine. Aliyetoka kwenye pupa leo ni mweupe, laini, bila alama za kuaminika. Mpe maji na sukari kwa siku 4 au 5 ndipo umuue. Ukimuua mapema atasinyaa, na rangi aliyoikosa haitakuja tena. Funza nao usiwatumbukize wakiwa hai kwenye spiriti, watageuka weusi. Waue kwanza kwa maji yaliyotoka tu kuchemka, dakika chache, kisha wahifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70. Hata hivyo, jina linalotokana na funza pekee huwa dhaifu. Gawa kundi, nusu uhifadhi, nusu uache wakue.

Kwa jike, sindano ya kutagia husaidia. Kata ncha ya tumbo, iloweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 usiku kucha, suuza kwa maji, kisha itoe polepole ndani ya tone la gliserini. Ukiivuta kabla haijalainika, ncha inavunjika, na umbo la ncha ndilo ulilokuwa ukilitafuta.

Rangi zimewahi kuwagawanya hata mabingwa. Nzi aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 alipewa jina Bactrocera invadens mwaka 2005. Mgongo wake hubadilika kutoka mweusi hadi kahawia nyekundu, jambo lililowapa watu kazi. Mwaka 2015, ushahidi wa maumbile, vinasaba, kujamiiana na kemia ulipowekwa pamoja, alirudishwa ndani ya B. dorsalis. Upande wa Ceratitis mambo yalikwenda kinyume: mwaka 2016 sehemu ya waliokuwa wakiitwa C. rosa walitengwa kuwa Ceratitis quilicii.

Kwa sababu hiyo sioni vinasaba kama njia ya mkato. Kipande cha jeni ya COI kinachosomwa sana, chenye herufi 658 za kinasaba, hutenganisha vizuri spishi nyingi, lakini hakiaminiki kati ya C. rosa na jamaa zake wa karibu, C. fasciventris na C. anonae. Ukituma sampuli, ng'oa mguu mmoja tu, uuweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi mahali pa baridi. Mwili uliobaki upewe namba ileile, na lebo ya penseli ndani ya chupa: mahali, tarehe, chambo au tunda, na mkusanyaji. Bila mwili huo, hakuna atakayeweza kulikagua jina spishi itakapogawanywa tena.