Mguu wangu ulivyoanza kunyanyuka tena

Nikimsikia mtu anashauri mguu uliokufa ganzi kwa sindano ya tako ukandwe kwa maji ya moto, damu inanichemka. Mguu wa namna hiyo hausikii joto. Shangazi alinikanda kwa mapenzi yake yote. Asubuhi mke wangu akakuta malengelenge, na mimi sikuwa nimesikia chochote.

Sindano ilikuwa ya diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye zahanati ya mtaani. Ilipoingia tu nikapigwa shoti kutoka takoni mpaka vidoleni, na tangu hapo unyayo haukunyanyuka tena. Nikitembea unadondoka pa! ndala inabaki nyuma. Neva ya siatiki, ule mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, inapita takoni kwa chini, kuelekea katikati, ndiyo maana sindano inatakiwa ichomwe juu, upande wa nje. Mwambie anayekuchoma, usione haya.

Daktari wa upasuaji hakukimbilia kisu. Alisubiri wiki tatu hivi ndipo akaagiza kipimo cha umeme wa neva na misuli, maana kikifanywa mapema kinaweza kupotosha. Neva imeumia, haijakatika. "Nyuzi zake huota kama milimita 1 kwa siku," akaniambia. "Vumilia, mzee. Miezi 3 mpaka 6 ikipita bila dalili, tutafungua tulegeze makovu yanayoibana."

Kilichonibeba kipindi hicho ni tyubu ya baiskeli. Kifaa cha plastiki cha kushikilia unyayo kilikuwa ghali, basi fundi baiskeli akanikatia ukanda kwa buku tu. Ncha moja nikaifunga kwenye kamba za kiatu, karibu na vidole. Nyingine kwenye kitambaa kipana chini ya goti, chenye sponji upande wa nje, kwa sababu hapo neva imelalia mfupa na haitaki kubanwa. Ukanda ukilegea, vidole vinaburuza; ukikaza mno, unakanyagia kisigino. Nikautoboa matundu kama mkanda wa suruali, nikawa narekebisha mpaka nikapanda daladala bila kushikwa mkono. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, alipouona akawaita wenzake waje waone!

Yeye ndiye aliyeniwekea mashine ya kusisimua misuli kwa umeme, kibandiko kimoja pembeni chini ya goti, kingine mbele ya muundi. Mwanzoni nyama ilitetemeka tu. Kisha siku moja, mashine ikiwa imezimwa, akasema, "Baba, inua," na unyayo ukapanda. Nililia.

Mashine hiyo usijiwekee mwenyewe bila kuelekezwa: ngozi isiyosikia huungua hata kwa vibandiko. Na kila asubuhi vuta unyayo kwa shuka, maana kano ya kisigino ikikakamaa, hata neva ikirudi unyayo haupandi. Tyubu nimeshaivua. Kidole gumba bado kinachelewa, kliniki naendelea.